Mwanasheria Kijana Aanzie Wapi?

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na mapishi. Hayo yote ni utamaduni, wala hapana anayekana. Lakini taifa halitambulikani kwa namna linavyocheza tu. Latambulikana pia kwa namna linavyoamua ugomvi. Ni nani aketiye kuamua? Husema kwa lugha gani? Na yule aliyeshindwa, je, huondoka akijua kwa nini ameshindwa, au huondoka ameshika karatasi asiyoweza kuisoma? Maswali haya ni ya utamaduni kama lilivyo swali la ngoma, na pengine yana uzito zaidi, kwa maana mtu aweza kuishi bila kucheza, lakini hawezi kuishi kwa amani asipokuwa na mahali pa kudai haki yake.

Makala haya yanahusu vijana wanaoingia katika kazi ya sheria: mawakili wapya, mahakimu wapya na makarani wa mahakama. Nina dai moja, nalo nalisema tangu mwanzo ili msomaji asihangaike kulitafuta. Nadai kwamba tumewafundisha vijana hawa kuianza safari yao mahali pasipo pake. Tumewaonyesha ngazi, tukawaambia kwamba kidato chake cha kwanza ni ofisi ya ghorofani jijini, yenye mikataba ya makampuni na barua za Kiingereza. Na kwamba mahakama ya mwanzo na meza ya karani ni mahali pa wale waliokosa bahati. Mafundisho hayo ni kasumba. Tusipoyang'oa tutaendelea kuwa na wanasheria wengi na haki chache.

Nalisema hili si kwa kusoma vitabuni peke yake. Miaka mingi kabla ya 2021 nilikuwa karani kijana katika mahakama moja ya wilaya. Siku moja alikuja dirishani mama mmoja mjane. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono na kunipa nakala ya hukumu niliyokuwa nimempa mwenyewe juma lililotangulia. Shauri lake lilikuwa la mirathi. Katika mahakama ya mwanzo alikuwa ameshinda. Hukumu ilisomwa kwa Kiswahili, akaielewa kila neno. Shemeji yake akakata rufaa wilayani. Huko hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, naye akashindwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa wameandika nini?"

Nikamjibu, "Mama, kazi yangu ni kutoa nakala, si kusoma. Tafuta wakili." Wakili hakuwapo katika mji ule, wa karibu alikuwa makao makuu ya mkoa, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa bei ya mbuzi. Mama yule alirudi siku ya arobaini akiwa na mpwa wake, mwalimu, ambaye alikuwa amemsomea karatasi ile. Sasa alijua kwamba hakimu alikuwa ameacha ushahidi wake wa shahidi mmoja, akataka kwenda Mahakama Kuu. Lakini muda wa rufaa ya namna hiyo ni siku 30. Sheria iliruhusu kuomba nyongeza ya muda, ila ombi hilo nalo lilihitaji kuandikwa na mtu anayejua. Alitazama dirisha kwa kitambo, akanishukuru, akaondoka. Shamba likaenda.

Katika kisa hicho hapana aliyevunja sheria. Hakimu aliandika kwa lugha iliyoruhusiwa. Mimi nilitoa nakala kwa wakati. Muda wa rufaa ulihesabiwa sawasawa. Hilo ndilo linalonisumbua hata leo: kwamba kila mmoja wetu alitimiza wajibu wake kama alivyofundishwa, na haki ikapotea katikati yetu. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kazi ya karani ni karatasi. Kosa la waliosoma kuliko mimi lilikuwa kuamini kwamba mahali pale si pa kuanzia kazi, ndiyo maana hapakuwa na hata kijana mmoja mwenye shahada ya sheria wa kumkalisha mama yule kwenye benchi na kumweleza.

Kasumba hii ina asili yake, na yafaa mwanafunzi aijue. Sheria tuliyoirithi haikuzaliwa hapa. Wakoloni Waingereza waliichukua sehemu kubwa kutoka sheria walizokwisha kuzitunga kwa ajili ya India. Mpaka mwaka 1961 mikataba yetu iliongozwa na sheria ya mikataba ya India. Mwenendo wa madai tuliutungia sheria yetu mwaka 1966, na ushahidi mwaka 1967. Katika utaratibu huo mwanasheria alikuwa mfasiri wa mambo ya kigeni kwa watu waliotawaliwa, naye alilipwa heshima kwa kadiri alivyokuwa mbali nao. Kanzu yake, wigi lake na lugha yake vilikuwa ukuta. Tulipopata uhuru, wanasheria Waafrika katika Tanganyika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Kwa sababu hiyo, Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, kitivo cha kwanza kufunguliwa kilikuwa cha Sheria. Hatukuanza na uhandisi wala udaktari. Taifa changa lilisema: kwanza tupate watu wa kutuamulia na kututungia sheria zetu. Kutoka kitivo kile walitoka watu ambao nchi inawakumbuka. Mmoja wao ni Julie Manning, aliyeingia kusoma sheria akiwa mwanamke wa kwanza wa Tanganyika kufanya hivyo katika chuo kile, akawa jaji, kisha Waziri wa Sheria tangu mwaka 1975. Vijana wa wakati ule waliijua sababu ya kusomeshwa kwao. Kodi ya mkulima iliwapeleka darasani ili warudi kumtumikia mkulima. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikumbusha jambo hilo kwa shule zote.

Je, mtaala wa moyo wa kijana wa leo ni upi? Muulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sheria anataka kuanzia wapi. Atakutajia makampuni ya mawakili ya jijini, benki, migodi, mashirika ya kimataifa. Mtajie mahakama ya mwanzo ya tarafa ya mbali, naye atacheka kana kwamba umemtajia adhabu. Wala usimlaumu yeye kabla ya kuwalaumu waliomlea. Mwalimu wake anapotaka kumtia moyo humwambia, "Soma, usije ukaishia karani." Mzazi wake akimtembelea katika kituo chake cha kazi wilayani huuliza lini atahamishwa mjini. Hata sisi makarani wenyewe tulijidharau, mtu akituuliza kazi yetu tulijibu, "Nipo nipo tu mahakamani."

Tulijidharau bure. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vinafundishwa katika shule zetu, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, kuanzia idara ya forodha. Kalamu iliyoorodhesha shehena za mizigo ndiyo iliyotajirisha lugha ya taifa. Na katika mahakama, karani si mtu wa kupita. Yeye ndiye wa kwanza kumwona mwenye dai na wa mwisho kumpa karatasi yake. Yeye hufungua jalada, huandika namba, hupanga tarehe ya kutajwa, hutoa hati ya wito, hutunza vielelezo, huandaa mwenendo wa shauri unaopelekwa kwenye rufaa. Jalada likipotea mezani pake, hekima ya jaji haifai kitu. Na akiwa mla rushwa, jengo zima huitwa la rushwa, kwa maana mwananchi hamjui jaji, anamjua karani. Mtu anayeshika ufunguo wa nyumba hawezi kuitwa mgeni wa nyumba.

Sasa nitajibu hoja za wale wanaopinga, kwa sababu hoja zao si za kupuuzwa zote.

Hoja ya kwanza husema kwamba sheria ni taaluma ya Kiingereza, na kijana anayeanzia mahakama ya mwanzo, ambako kila kitu ni kwa Kiswahili, atapotea na kusahau taaluma yake. Hoja hii imekwisha nguvu. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote nchini, Kiingereza kikabaki kwa hali maalumu pale haki itakapohitaji hivyo. Lakini hata kabla ya hapo hoja ilikuwa dhaifu. Mahakama za mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili miongo mingi: wizi, madai, talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mirathi, na mengineyo. Sehemu kubwa ya wananchi wanaofika mahakamani huanzia huko, na wengi hawapandi zaidi. Kama lugha ingekuwa haitoshi, mahakama hizo zingekufa zamani.

Husemwa pia kwamba maneno hayapo. Hayapo wapi? Mdai na mdaiwa, mshtaki na mshtakiwa, shahidi, kiapo, dhamana, rufaa, wasia, mirathi, hukumu: maneno haya yalikuwa yakitumika katika mabaraza ya pwani na bara kabla wengi wetu hatujazaliwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Sheria mwaka 1999. Na mwenye shaka kama Kiswahili chaweza kubeba mabishano ya mahakama asome Mabepari wa Venisi, tafsiri aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Humo mna kesi nzima: mkopo, mkataba, dai la ratili ya nyama, na hila ya kisheria inayomtega mdai kwa maneno ya mkataba wake mwenyewe. Kiswahili hakikushindwa hata hatua moja. Nami huwakumbusha vijana jambo jingine katika mchezo ule. Portia anapoingia mahakamani amejivika sura ya mwanasheria kijana, na Nerissa amejivika sura ya karani wake. Waliingia wawili, kwa mlango mmoja, kwa kazi moja. Shakespeare alijua tusilotaka kujua, kwamba mwanasheria bila karani ni nusu ya mtu kazini.

Hoja ya pili ni ya tumbo, nayo naiheshimu. Kijana amesoma kwa mkopo wa serikali; mkopo unamngoja. Baada ya shahada hupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, na huko nako kuna ada, chumba na nauli. Anapomaliza ana nguo mbili za heshima na madeni. Je, ni haki kumwambia aende tarafani kwa moyo wa kizalendo? La, si haki, ikiwa tunamtuma mikono mitupu. Uzalendo haulipi kodi ya chumba. Lakini tazama hitimisho la hoja hii: haisemi kwamba kazi ya chini haifai, yasema kwamba haijalipwa. Basi dawa yake ni kulipa, si kuikimbia. Taifa lililoweza kumpeleka mwalimu na mganga vijijini laweza kumpeleka mwanasheria, likimpa nyumba, posho ya haki na ahadi ya kupandishwa cheo kwa sababu ya miaka aliyokaa huko.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Husema kwamba vijana wetu hawajaiva, na kuwapeleka kwa wanyonge ni kuwafanyia wanyonge majaribio. Wanaosema hivyo hutaja matokeo ya Taasisi hiyo ya mwaka 2022, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu ndio waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ilishtuka, na serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Wengine walilaumu vyuo, wengine walilaumu Taasisi, wengine walilaumu Kiingereza cha wanafunzi. Mimi nauliza swali jingine. Kati ya vijana wale 633, ni wangapi waliokuwa wamekaa mwezi mmoja kamili katika masjala ya mahakama kabla ya kuingia chuo kikuu au wakati wa likizo? Ni wangapi waliokuwa wamemwona mjane akiuliza tarehe yake? Mtu hujifunza kuogelea majini. Tunamlaza kijana mchangani miaka minne akihesabu mikupuo ya mikono hewani, kisha tunamtupa baharini na kushangaa anapozama. Kama hawajaiva, ni kwa sababu tumewaweka mbali na moto. Na akipelekwa tarafani hapelekwi kuhukumu peke yake; apelekwe kwanza kutumika chini ya hakimu na karani wazoefu, ambao watamfundisha yale yasiyoandikwa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na msomaji ayapime.

Kwanza, kila kijana anayetaka kuandikishwa kuwa wakili atumikie mwaka mmoja, kwa malipo, katika mahakama ya mwanzo, ya wilaya, au katika kituo cha msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imekwisha kuwatambua wasaidizi wa kisheria wanaowaelekeza wananchi. Mwanasheria kijana na aketi nao, ajifunze kwao na wao kwake. Tena, mlango wa mahakama ya mwanzo uliokuwa umefungwa kwa mawakili miaka mingi umefunguliwa mwaka 2021 pale anapoketi hakimu mkazi. Mlango huo usiwe wa kupitia wenye fedha tu. Kama wakili wa tajiri aweza kuingia humo, na mnyonge naye apate wa kusimama upande wake. La sivyo tutakuwa tumeuharibu uwanja mmoja ambao maskini na tajiri walisema kwa midomo yao wenyewe.

Pili, ukarani uwe kidato cha ngazi na usiwe shimo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, na hufundisha cheti na stashahada ya sheria. Karani mwaminifu aliyetumika vizuri na apelekwe kusoma huko, na kutoka huko aendelee. Hakimu aliyewahi kufungua jalada kwa mkono wake hatasahau kwamba ndani ya kila jalada mna mtu.

Tatu, vyuo vifundishe kuandika hukumu, hati ya madai na barua ya kisheria kwa Kiswahili safi, na vipime ujuzi huo katika mitihani. Kubadilisha sheria ya lugha bila kubadilisha mafunzo ni kumpa mtu jembe lisilo na mpini. Yako mashaka kwamba mwanasheria ataandika Kiswahili chenye mafumbo kama kilivyokuwa Kiingereza chake, na mwananchi atabaki alipokuwa. Mashaka hayo ni ya kweli. Ukuta waweza kujengwa kwa matofali ya lugha yoyote. Kwa hiyo kipimo cha hukumu nzuri kiwe hiki: aliyeshindwa akisomewa, aelewe kwa nini ameshindwa na ana siku ngapi za kukata rufaa.

Nne, na hili nalielekeza kwenu walimu. Mahakama zetu huketi hadharani. Mlango u wazi kwa raia yeyote aliye na adabu. Wapelekeni wanafunzi wenu. Waketi nyuma, wanyamaze, wasikilize shauri moja tangu kutajwa hadi hukumu. Wamwone karani akiita majina, mashahidi wakiapa, hakimu akiandika. Warudi darasani waandike insha juu ya waliyoyaona. Somo moja la namna hiyo litamfundisha mwanafunzi uraia kuliko maswali ishirini ya kukariri mihimili ya dola. Na msimwambie tena mtoto, "Soma, usije ukaishia karani." Mwambieni, "Soma, uwe karani ambaye watu hawatamwogopa."

Katiba yetu, katika ibara ya 107A, imeziagiza mahakama kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu ya kijamii au ya kiuchumi, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi, na kutofungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kuikwamisha haki. Ni maneno makubwa. Lakini Katiba haina mikono. Mikono yake ni ile ya kijana aliyeketi nyuma ya dirisha na ya kijana aliyesimama mbele ya hakimu. Vijana hao wakiwa wamefundishwa kumkimbia mwananchi, maneno hayo yatabaki kitabuni.

Nanyi wanafunzi mtakaokuwa wanasheria, nawaambia kama mtu aliyechelewa kujua. Jiji halitakimbia, mtalikuta mahali pake. Makampuni yatahitaji mawakili kesho kama leo. Lakini anzeni pale ambapo sheria na mwananchi hukutana kwa mara ya kwanza, mkae hapo hadi mjifunze kusikiliza. Mtakapokuwa majaji mtaandika tofauti. Mtakapokuwa mawakili wa makampuni makubwa mtajua nani yuko upande wa pili wa mkataba. Na iwapo siku moja atasimama mama dirishani, ameshika karatasi, akiuliza wameandika nini, msimwambie kwamba kazi yenu si kusoma. Msomeeni, kisha mwambieni ni siku ngapi zimesalia.